Herufi pana za mlazo: kuzipima, kuzichora na kuzibandika kwenye kibao au gari

Herufi pana, zenye kona za mviringo na zinazoinamia kulia, zimejaa Dar es Salaam. Ziko kwenye bajaji, kwenye vioo vya maduka ya simu Kariakoo, kwenye jezi za timu za mtaani na kwenye mageti ya gereji. Mteja akisema anataka maandishi "yenye kasi" au "ya kisasa kabisa", mara nyingi ndizo anazozitaka. Ni herufi nzuri, na zikipangwa vizuri hazichoshi macho. Shida yake ni moja: zinakula nafasi, na majina yetu ni marefu. Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto, Mwananyamala, Makumbusho. Kazi nyingi huharibika hapo, pale fundi anapochagua fonti kwanza, akakuta neno halienei, kisha akalibana kwa kipanya mpaka liingie. Anza na neno na upana wa kibao. Fonti ifuate.

Umbo lenyewe lilianzia Turin, Italia. Mwaka 1952 kiwanda cha herufi cha Nebiolo kilitoa Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese. Zilikuwa herufi kubwa tu, pana, na O yake ilikuwa mstatili uliolainishwa kona, mfano wa kioo cha televisheni za wakati ule. Mwaka 1962 Novarese alitoa Eurostile, iliyofuata umbo lilelile na kuongeza herufi ndogo. Tangu hapo mstatili wa kona laini umekuwa ndiyo alama ya mashine, safari za anga na mambo ya kesho. Ukiuongezea mlazo wa kulia, unapata mwendo.

Kuchagua fonti

Kwa kazi ya biashara tafuta fonti zenye leseni huria ya SIL, ambazo zimejaa kwenye Google Fonts. Leseni hiyo inakuruhusu kuzitumia kwenye bango la kulipwa, stika au nembo, ila huruhusiwi kuiuza fonti yenyewe peke yake. Michroma inaikaribia sana ile ya Turin. Audiowide ni pana na laini zaidi. Orbitron ni ya pembe na mstatili. Hizo tatu zimesimama wima, kwa hiyo mlazo utautengeneza mwenyewe. Zenye mlazo uliochorwa na mbunifu mwenyewe ni kama Exo 2, Kanit, Saira na Chakra Petch. Si pana kama zile tatu, lakini kwa neno refu hilo ni faida. Saira ina zaidi: upana wake unarekebishika ndani ya fonti yenyewe, hivyo neno likizidi unashusha upana bila kuharibu unene wa mistari.

Kabla ya kuipenda fonti, andika ndani yake maneno mawili: BARABARA na NG'OMBE.

BARABARA inakuonyesha kama A na R zinatofautiana. Kwenye fonti nyingi za aina hii A haina ncha juu. Ni U iliyogeuzwa na kutiwa mstari katikati. R nayo ina kichwa cha mviringo na miguu miwili. Mstari wa A ukikaa katikati kabisa, ukiwa mita 20 huoni tofauti, na neno zima linageuka safu ya milango. A nzuri ina mstari wake chini, karibu theluthi moja ya kimo kutoka kwenye msingi, yaani mstari ambao herufi zimekalia. R nzuri imefunga tumbo lake juu ya nusu, na mguu wa kulia umetanuka kwenda nje. Ziepuke kabisa zile A zisizo na mstari wa kati. Nembo ya NASA ya mwaka 1975, iliyobuniwa na Danne na Blackburn, ilifanya hivyo na ikapendeza, lakini ile ilikuwa na herufi nne na kila mtu alishalijua jina. Kwenye Kiswahili A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote. Iandike DALADALA bila mistari ya kati uone kinachobaki.

NG'OMBE inakuonyesha kipashio cha ng'. Fonti zingine zina ritifaa (') ndogo mno, au imewekewa nafasi finyu kiasi kwamba inagusana na G. Tumia alama ya ritifaa iliyosimama au iliyopinda, usitumie ile ya juu kushoto mwa kibodi inayoegemea upande wa pili. Kwenye herufi za mlazo inakwenda kinyume na zote na inaonekana kama doa. Na ujue kwamba wakati wa kung'oa mabaki ya stika, ritifaa ndiyo ya kwanza kuondoka na taka.

Namba ni jambo lingine. 0 na O, 5 na S, 8 na B, 2 na Z zinafanana mno zinapokuwa mistatili. Kwenye SIMU 2000, jina la kituo cha daladala, hakuna hasara, watu wanapajua. Kwenye namba ya simu au Lipa Namba hasara ipo: mteja akikosea tarakimu moja, pesa imekwenda kwingine. Namba hizo ziandikwe kwa fonti ya kawaida iliyosimama wima, iwe imebeba kimo kilekile na unene unaokaribiana. Hakuna atakayelalamika kwamba hazifanani na jina la duka.

Kupima neno kabla ya kufungua kompyuta

Chukua kimo cha herufi kubwa kuwa 100. Kwenye fonti pana ya unene wa 18, makadirio haya yanatosha: I ni 18, L ni 110, T ni 125, B na K ni 130, R ni 135, A, G, N, O na U ni 140, M ni 160. Kati ya herufi na herufi weka 20, kati ya neno na neno 60. Mlazo wa digrii 12 unaongeza 21 mwishoni, kwa sababu juu ya herufi kunasogea kulia kwa sehemu 21 kwa kila 100 za kimo.

Sasa tuseme kibao cha tawi la duka kina upana wa mm 1,200, ukiacha pambizo za mm 50 kila upande unabaki na mm 1,100, na kinatakiwa kusomeka MBAGALA RANGI TATU. Ukijumlisha, MBAGALA peke yake ni 1,080, RANGI ni 653, TATU ni 590. Kwa mstari mmoja, na nafasi mbili na mlazo, jumla ni 2,464. Gawa 1,100 kwa 24.64: kimo unachopata ni mm 44 na ushee. Kanuni ya zamani ya wachora mabango inasema kila mm 25 za kimo zinasomeka kwa raha kutoka mita 3, na zinafika ukomo karibu mita 10. Herufi za mm 44 zinasomeka kwa raha mita 5, na zaidi ya mita 18 zimekwisha. Mtu aliye upande wa pili wa barabara pana ya Mbagala hazioni.

Hapa ndipo watu wanapozibana. Wanashika pembeni mwa neno na kulisukuma mpaka liingie bila kimo kushuka. Mistari ya wima inakonda, ile ya kulala inabaki na unene wake, kona laini zinageuka mayai yaliyosimama, na ile sura pana uliyoitafuta haipo tena. Kama nafasi haitoshi una njia tatu za halali: gawa mistari, tumia fonti isiyo pana sana, au fupisha maneno.

Kwa kibao chetu, gawa. MBAGALA juu, RANGI TATU chini. Kwenye herufi za mlazo mstari wa juu lazima uingie kulia kidogo kuliko wa chini, ili ukingo wa kushoto wa mistari yote miwili uwe mstari mmoja ulioinama. Ukiipanga kwa kusawazisha kushoto kama barua ya ofisini, kibao kinaonekana kimevunjika katikati. Umbali wa kusogeza ni umbali kati ya misingi miwili mara 0.21. Misingi ikiachana kwa mm 116, sogeza mm 25. Toa hizo 25 kwenye 1,100, unabaki na 1,075. MBAGALA pamoja na mlazo wake ni 1,101, hivyo kimo ni mm 97. RANGI TATU ni 1,324, kimo ni mm 81. Unasomeka kwa raha kutoka mita 12 kwenye jina la juu, na ukomo wake unakaribia mita 39. Kibao ni kilekile, kilichobadilika ni mpango.

Mlazo

Digrii 10 hadi 12 zinatosha. Chini ya 8 herufi inaonekana kama imebandikwa vibaya, na juu ya 15 inaanza kuanguka. Fonti ikiwa na mlazo wake yenyewe, tumia huo na uache kuongeza mwingine.

Kuinamisha fonti iliyosimama kwa amri ya kompyuta ni rahisi, na kwa maandishi madogo hakuna atakayeona kasoro. Kwa herufi kubwa kasoro zinaonekana, na ni vizuri kujua zinatoka wapi. Kompyuta inasukuma kila nukta kwenda kulia kulingana na ilivyo juu. Mstari ulioegemea kulia unarefuka, na kwa kuwa wino ni uleule, unakonda. Mstari ulioegemea kushoto unafupika na kunenepa. Kwa hiyo A yenye ncha inapata mguu wa kushoto mwembamba na wa kulia mnene. O inanenepa kona ya juu kulia na ya chini kushoto, huku kona nyingine mbili zikikonda na kulegea. Ncha za mviringo za T na L, ambazo zilikuwa nusu duara safi, zinakuwa zimepinda upande.

Tiba nzuri kuliko zote ni kuinamisha mifupa ya herufi na kuivisha unene baadaye. Kwa neno moja la nembo au bango kubwa inalipa muda wake. Inkscape, programu ya kuchora ambayo haiuzwi, inatosha.

Chora O kama mstatili wenye mstari tu, bila rangi ndani: upana 122, kimo 82, kona za mviringo wa 32. Ukiupa mstari unene wa 18, herufi inakuwa 140 kwa 100, kona ya nje ni 41 na ya ndani ni 23. Hizo kona mbili zisizolingana ndizo zinazofanya unene uonekane sawa unapozunguka. Mtu anayechora kona ya nje na ya ndani kwa kipimo kimoja hupata herufi iliyovimba pembeni. U ni O iliyofunguliwa juu. D ni O ambayo kona zake mbili za kushoto zimekazwa karibu na pembe, la sivyo itasomwa O. C na G ziachie mdomo usiopungua 30, kwa sababu zikifungwa zinakuwa O zenye ufa. Mstari wa kati wa E na wa B uweke 52 au 53 kutoka chini. Ukiwa 50 kamili jicho linauona umeshuka. Mstari wa A uwe 32. M ya milango miwili inakaa vizuri kwenye 160: nguzo tatu za 18 na matundu mawili ya 53. N lazima iwe na mstari wa mshazari, kwani N ya mviringo juu ni A iliyosahauliwa mstari.

Miisho yote ya mistari iwe ya mviringo. Kumbuka mviringo unaongeza 9 nje ya ncha, hivyo nguzo ya I inaanzia 9 na kuishia 91, ndipo kimo kiwe 100 kamili.

Panga nafasi kati ya herufi zikiwa bado wima. Ukishaziinamisha, umbali wa kulala haubadiliki. Kisha chagua mifupa yote, fungua dirisha la kugeuza maumbo kwa Ctrl+Shift+M, nenda sehemu ya kuinamisha, andika 12 kwenye mlalo. Ikiegemea kushoto, weka alama ya kutoa mbele ya namba. Hapo rudisha unene wa mstari kuwa 18 kama umebadilika, na uthibitishe kwamba miisho bado ni ya mviringo. Geuza unene uwe umbo kwa Ctrl+Alt+C, kisha unganisha vipande vya kila herufi kwa Ctrl na alama ya jumlisha. Usiporuka hatua hiyo ya kuunganisha utashukuru: mahali mistari miwili inapokutana, mashine ingekata ndani ya herufi, na kipande kingebaki mkononi wakati wa kubandika.

Nafasi, kwa mfano wa TABATA

Fonti za bure huja na nafasi zilizopangwa kwa lugha nyingine. Jozi zinazotusumbua ni TA, AT, KA, WA, YA, VY na KW. TABATA ina tatu za aina hiyo ndani ya herufi sita, na ndiyo maana ni neno zuri la kujaribia.

T yenye upana wa 125 ina mikono miwili ya takriban 53 kila upande wa nguzo. Ukiiweka A ya mviringo kwa nafasi ya kawaida ya 20, chini ya mkono wa T kunabaki shimo la 73, wakati A na B zinaachana kwa 20 tu kuanzia juu mpaka chini. Neno linasomeka T ABA T A. Kusogeza A chini ya mkono haiwezekani, kwa sababu bega lake litagonga. Fanya mambo mawili: fupisha T iwe 110, na nafasi ya TA na AT iwe 8. Shimo linashuka hadi 54. Halafu panua kidogo nafasi kati ya A na B iwe 24, ili pengo lililobaki lisijitenge. Kama A yako ni ya ncha, kazi ni rahisi zaidi: iingize chini ya mkono wa T kwa 15 na mambo yameisha.

Ukimaliza, pindua neno juu chini kwenye skrini na ulitazame ukiwa umekaza macho kidogo. Jicho likishindwa kusoma, linaona mashimo.

Herufi nyeupe juu ya bluu ya giza au nyeusi huonekana nene kuliko zilivyo, hasa zikimulikwa usiku. Kwa kibao cha namna hiyo shusha unene kutoka 18 hadi 16 na uongeze nafasi kwa 2 au 3.

Kumpelekea fundi faili

Geuza maandishi yote kuwa maumbo kabla ya kuhifadhi, kwa Ctrl+Shift+C. Kompyuta ya fundi isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine bila kuuliza, na kama fundi ana foleni ya kazi za Kariakoo hatagundua. Peleka PDF. Faili ya SVG inaweza kubadilika ukubwa, maana programu zingine huhesabu nukta 72 kwa inchi pale Inkscape inapohesabu 96; maandishi ya mm 1,100 yanafunguka yakiwa mm 1,467. Vyovyote iwavyo, andika upana halisi kwenye ujumbe wa WhatsApp na umwombe apime kwenye skrini kabla ya kukata. Faili yenyewe itume kama hati. Picha ya skrini haikatiki. Fundi atalazimika kuichora upya kwa kukisia, na kona zako 41 na 23 zitakuwa historia.

Kukata

Kwa stika, herufi za mviringo zina heri yake: ncha kali ndiyo inayoanza kubanduka gari linapooshwa kwa mashine ya presha, na hapa ncha kali ni chache. Kwa hiyo hata ritifaa na kona za ndani za K zilainishe kidogo, mviringo wa mm 1 unatosha.

Kuna vinili, yaani plastiki ya stika, za namna mbili. Ya kawaida ina unene wa mikroni 70 hadi 80, ni ya bei nafuu, na inafaa kibao bapa au kioo. Ikikaa juani inasinyaa taratibu, ukaona mstari mwembamba wa gundi yenye vumbi kuzunguka kila herufi. Ile nyembamba, ya mikroni 50 hivi, iliyotengenezwa kwa kumiminwa, haisinyai na inashika kwenye mikunjo ya bodi ya gari. Kwa bajaji na mlango wa gari wenye mfinyo, lipia hiyo. Rangi nyekundu ya bei rahisi ndiyo inayopauka mapema kwenye jua letu. Nyeusi na nyeupe zinadumu.

Kisu cha digrii 45 ndicho cha vinili ya kawaida. Anza na nguvu ya gramu 80 na uongeze kumi kumi mpaka vinili ikatike huku karatasi ya nyuma ikibaki na alama ya kuchanwa juujuu tu. Kata jaribio la mraba mdogo na duara, mm 20 kila moja. Kona za mraba zikitoka zimelainika, kipimo cha mkengeuko wa ncha ya kisu kimewekwa kidogo. Zikitoka na vipembe, kimezidi. Kwa visu vingi vya digrii 45 ni mm 0.25. Duara lisilojifunga lina sababu hiyohiyo, au kisu kimechakaa. Kona zikitoka na vituo vituo badala ya mviringo safi, tatizo liko kwenye mchoro: umbo lina nukta nyingi mno. O nzima haihitaji zaidi ya nukta 8 nje na 8 ndani.

Ng'oa mabaki ukiyavuta kwa kulala, karibu yagusane na stika, kufuata upande wa mlazo kutoka chini kwenda juu. Ukiyavuta kuelekea juu moja kwa moja, herufi nyembamba zinaamka nayo. Matundu ya A, B, R na O yatoe mwisho kwa ncha ya kisu.

Anayepaka rangi kwa kiolezo badala ya stika aache madaraja, yaani vipande vinavyoshikilia sehemu ya katikati isianguke, kwenye kila herufi yenye tundu, yasiyopungua mm 4, na yote yaelekee upande wa mlazo. Madaraja yaliyosimama wima kwenye herufi zilizoinama yanaonekana kama mikwaruzo.

Kubandika

Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti. Nta ya gari na mafuta ya mkono havionekani, lakini ndivyo vinavyobandua stika ndani ya wiki. Fanya kazi asubuhi au kivulini. Bodi ya gari iliyokaa kwenye jua la saa sita inaunguza, gundi inashika papo hapo na huwezi kurekebisha.

Bandika kwanza teipu ya karatasi ikiwa mstari wa msingi, ukiipima kutoka ukingo wa chini wa kibao au kutoka mfinyo wa mlango, pande zote mbili. Usiamini macho, herufi zilizoinama zinadanganya, na mstari ulionyooka kabisa unaweza kukuonyesha umepanda upande wa kulia. Kata kadibodi ya pembetatu, mm 100 kwa mm 21, uitumie kukagua mlazo wa mistari miwili.

Kwa herufi kubwa tumia maji: lita moja na matone matatu hadi matano ya sabuni ya vyombo, yanyunyizwe kwenye sehemu inayobandikwa na kidogo kwenye gundi. Weka, sogeza mpaka ikae kwenye mstari, kisha sukuma maji kwa plastiki ngumu kutoka katikati kwenda nje. Subiri nusu saa kabla ya kutoa teipu ya kuhamishia, ile inayobeba herufi kutoka kwenye karatasi yake, na kwenye unyevu wa masika subiri zaidi. Itoe kwa kuikunja ijilalie yenyewe. Herufi ikiinuka, rudisha, sugua, ngoja tena. Gari lisioshwe kwa saa 24.

Kwenye daladala, rangi na maandishi ya njia yanasimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Usiyafunike wala kuyaandika upya kwa fonti unayoipenda, na kioo cha mbele kiache kionyeshe barabara.

Limebaki jambo la pande mbili za gari. Upande wa kulia, mbele ya gari iko kulia kwa anayetazama, kwa hiyo mlazo unakwenda na gari. Upande wa kushoto ni kinyume: gari linakwenda kushoto na herufi zinaegemea nyuma. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto, huo wa kushoto ndio upande wa kituo, ambako abiria wanasimama na kusoma. Baadhi ya mafundi huinamisha herufi kushoto kwa upande huo. Kwa neno fupi kama KASI linapita. Kwa MWANANYAMALA msomaji anajikwaa, kwani jicho halijazoea herufi zinazorudi nyuma. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kubaki na mlazo wa kulia lakini kuushusha hadi digrii 8 kwa upande wa kushoto, kuondoa michirizi ya kasi iliyo kabla ya herufi ya kwanza, na kama mteja anaitaka michirizi hiyo, kuiweka baada ya herufi ya mwisho, upande wa taa za nyuma.